Umeng'atwa na Mbwa wa Mtu Nchini Kenya: Maelewano, Madai Madogo, Hakimu au Polisi?

Mtu aliyeng'atwa na mbwa wa jirani huko Kasarani, Nyali au Nakuru akitafuta ushauri mtandaoni, sehemu kubwa ya atakachokipata imeandikwa kwa ajili ya Mmarekani. Ataambiwa kwamba mwenye mbwa hulipa tu, awe na kosa asiwe nalo, kwa kuwa ndivyo kinavyosema kifungu cha 3342 cha sheria ya madai ya California. Ataambiwa pia kwamba bima ya nyumba ndiyo itakayotoa pesa, na kwamba wakili hadai hata senti mpaka kesi ishinde. Nchini Kenya hakuna hata moja kati ya hayo la kutegemea. Hakuna sheria ya Bunge inayomtaka mwenye mbwa alipe bila mdai kuthibitisha chochote, kaya nyingi hazina bima ya nyumba, na mapatano ya kumlipa wakili endapo tu atashinda hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili, Sura ya 16.

Haki ya fidia ipo, lakini ina njia kadhaa, na kila njia ina gharama yake, muda wake na kiwango chake cha ushahidi. Majeruhi anaweza kuelewana na mwenye mbwa nje ya mahakama, anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, anaweza kufungua kesi ya kawaida mbele ya hakimu, na anaweza kuliacha jambo mikononi mwa polisi. Iko pia njia ya tano ambayo husahauliwa, inayomhusu aliyeng'atwa akiwa kazini. Wengi huchagua kwa hasira au kwa kuoneana haya, ilhali kinachopaswa kuamua ni mambo mawili: ukubwa wa jeraha na kile unachoweza kukithibitisha.

Kabla ya kuchagua njia yoyote

Kidonda huoshwa kwanza kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha majeruhi huenda hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo kwa kawaida hauna tiba, kwa hiyo chanjo haingojei majadiliano ya nani atailipia. Nunua kwa pesa zako au za kukopa, na utunze risiti.

Pili, mbwa asiuawe. Katika mitaa mingi watu hukimbilia mawe na rungu, na kwa kufanya hivyo huharibu ushahidi wa aina mbili kwa mpigo mmoja. Mbwa aliye hai hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima katika muda huo, daktari anajua kwamba hakuwa akiambukiza siku alipokung'ata. Mahakamani nako, mbwa anayejulikana alipo, rangi yake, anapolala na anayemlisha ni rahisi kumfunganisha na mwenyewe kuliko mzoga uliokwisha kufukiwa. Ikiwa ameshauawa, afisa wa mifugo aarifiwe ili kichwa chake kipimwe.

Tatu ni karatasi. Toa taarifa polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, uchukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza jeraha, na uhakikishe daktari ameijaza. Piga picha za kidonda siku ya kwanza, kisha tena kila wiki hadi kipone, kwa maana kovu la mwezi wa sita halifanani na jeraha la siku ya pili na mahakama inahitaji kuona vyote viwili. Andika majina na namba za simu za walioona. Hatua hizi ni zile zile kwa njia zote, na anayezifanya mapema hajajifunga kwa njia yoyote. Watu wengi huogopa kwamba kuandikisha OB ni kumshtaki jirani. Sivyo, ni kuweka kumbukumbu tu.

Utathibitisha nini?

Hapa ndipo sheria ya Kenya inapotengana na ile ya California. Kwa kuwa Bunge halijatunga sheria mahsusi ya dhima ya mwenye mnyama, mahakama hutumia sheria ya kawaida ya Kiingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za mahakama, kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, siku ambayo Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, imeiweka kuwa mpaka. Uingereza yenyewe ilijitungia Sheria ya Wanyama mwaka 1971, lakini sheria hiyo haikuvuka bahari. Sisi tumebaki na kanuni za kale, na kanuni hizo zinampa mdai misingi miwili mikuu.

Msingi wa kwanza ni ujuzi wa tabia. Katika kesi ya May dhidi ya Burdett ya mwaka 1846, mwanamke mmoja alimshtaki mwenye tumbili aliyemng'ata, na mahakama ikasema kwamba anayefuga mnyama akijua kwamba ana mazoea ya kudhuru watu anawajibika kwa madhara yake, hata kama mdai hakuonyesha uzembe wowote. Kwa mnyama wa kufugwa kama mbwa, mzigo wa mdai ni kuonyesha kwamba mwenyewe alijua ukali wa mbwa huyo mahsusi, si kwamba mbwa kwa ujumla huuma. Ndiyo maana hadithi ya mtoto wa jirani aliyeng'atwa na mbwa yule yule mwaka jana ina thamani kubwa kuliko sifa mbaya za mbwa wa jamii fulani. Ujumbe wa simu ambamo mwenye nyumba anawaonya wapangaji wasipite karibu na banda, malalamiko yaliyowahi kupelekwa kwa msimamizi wa mtaa, ushahidi wa mfanyakazi aliyeambiwa asimfungue mchana: haya ndiyo yanayojenga msingi wa kwanza.

Msingi wa pili ni uzembe, na katika kesi nyingi za mijini huu ndio rahisi zaidi. Huhitaji kuthibitisha kwamba mbwa aliwahi kuuma. Unaonyesha kwamba mtu mwenye busara asingeacha lango wazi mbwa akiwa huru, au asingemtembeza bila kamba mahali wanapopita watoto wa shule, na kwamba uzembe huo ndio uliozaa jeraha. Mdai hufungua kesi kwa misingi yote miwili pamoja, na wakili anayeandika mmoja tu anastahili kuulizwa kwa nini.

Aliyeng'atwa ndani ya kiwanja cha mtu ana nguzo ya ziada. Sheria ya Dhima ya Wenye Majengo, Sura ya 34, inamtaka mwenye makazi awe mwangalifu ili mgeni awe salama kwa kiasi kinachofaa, na inamtaka atarajie kwamba mtoto hatakuwa na hadhari ya mtu mzima. Mgeni hapa ni pamoja na msoma mita, mletaji wa chakula na fundi aliyeitwa. Aliyeruka ua usiku ana ulinzi mdogo sana.

Na kile kibao cha "Mbwa Mkali" je? Wenye nyumba hudhani kwamba wakishakitundika langoni wamejikinga, na majeruhi hudhani kwamba kimemnyima haki. Kibao hicho hukata kuwili. Kwa upande mmoja kinamsaidia mwenye nyumba, hasa dhidi ya mtu mzima aliyekisoma akaingia bila kubisha hodi. Kwa upande wa pili ni ungamo lake kwa maandishi kwamba anajua anafuga mbwa mkali, ingawa hakimu anaweza kusema kwamba vibao hivyo hutundikwa hata pasipo na mbwa wa kuitwa mkali. Chini ya Sura ya 34 onyo peke yake halimwondolei mwenye nyumba wajibu, isipokuwa lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Kibao kisichosomeka, au kilichowekwa ndani ya lango ambalo mgeni hana budi kulipita ndipo akione, hakifiki kiwango hicho. Kipige picha siku ile ile. Vibao vina tabia ya kubadilishwa baada ya ajali.

Upande wa utetezi utakuuliza kama ulimchokoza mbwa. Ikithibitika kwamba ulimrushia jiwe au ulitia mkono bandani, mahakama inaweza kukugawia sehemu ya lawama na kupunguza fidia kwa sehemu hiyo. Kukimbia kwa woga si uchokozi.

Maelewano nje ya mahakama

Faida ya maelewano inajulikana. Dozi za chanjo hutolewa ndani ya siku na majuma, na hakuna mahakama yoyote nchini inayoweza kutoa hukumu kabla ya dozi ya pili. Mwenye mbwa mwenye utu atalipa hospitali papo hapo, mtaendelea kusalimiana, na jambo litakwisha. Katiba yenyewe, katika ibara ya 159, inataka mahakama ziendeleze upatanishi na njia za kijadi za kusuluhisha migogoro, kwa hiyo kikao cha wazee wa mtaa, cha Nyumba Kumi (kikundi cha usalama cha majirani) au cha chifu si jambo la kubezwa.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Chifu si mahakama: akisema fulani alipe shilingi 40,000 na fulani akakataa, hakuna dalali wa kutekeleza neno hilo. Makubaliano yakiandikwa na kutiwa saini huwa mkataba, na mkataba unaweza kudaiwa mahakamani, lakini hapo umerudi kwenye njia uliyoikwepa. Udhaifu wa pili ni mbaya zaidi. Mwenye mbwa, au bima yake kama anayo, hupenda kuleta karatasi mapema yenye maneno kwamba kiasi kilichotolewa kinamaliza madai yote, ya sasa na ya baadaye. Majeruhi anayetia saini wiki ya pili hajui kama kidole kitakunja tena, kama kovu la shavuni litahitaji upasuaji, au kama mtoto ataanza kuota ndoto mbaya. Akishatia saini, mlango umefungwa.

Njia iliyo salama ni kugawa maelewano katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni malipo ya matibabu ya haraka, yaandikwe wazi kwamba ni ya matibabu tu na hayamalizi madai mengine. Sehemu ya pili ni fidia ya maumivu na makovu, ingoje mpaka daktari aseme jeraha limefikia mwisho wake. Jirani mwema hatakataa mpangilio huu. Anayeukataa kwa ukali amekupa habari muhimu kuhusu njia unayopaswa kuifuata.

Muulize pia, bila kuona haya, kama ana bima ya nyumba. Bima za kifurushi cha nyumba zinazouzwa Kenya mara nyingi huwa na sehemu ya dhima ya mwenye makazi kwa watu wengine, na wapo wanaoilipia kila mwaka bila kukumbuka sehemu hiyo. Akiwa nayo, aiarifu kampuni mapema, maana mikataba ya bima huwa na masharti ya taarifa.

Mahakama ya Madai Madogo ikilinganishwa na kesi mbele ya hakimu

Maelewano yakishindikana, uamuzi mgumu ni kati ya mahakama hizi mbili.

Mahakama ya Madai Madogo iliundwa na sheria ya mwaka 2016, na ikaanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 kabla ya kuenea kwingineko. Kikomo chake cha awali kilikuwa shilingi 200,000, kikapandishwa hadi shilingi 1,000,000. Kifungu cha 12 kinaitaja fidia ya majeraha ya mwili miongoni mwa madai inayoyapokea. Sheria inataka kesi isikilizwe mfululizo, siku hadi siku, na iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mwamuzi wake hafungwi na kanuni kali za ushahidi, na mdai anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, kwa Kiswahili anachokizungumza nyumbani.

Mahakama ya hakimu ina mipaka mikubwa zaidi. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, Hakimu Mkazi husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 5, na ngazi zinapanda hadi Hakimu Mkuu mwenye kikomo cha shilingi milioni 20. Hapo kesi hufuata Kanuni za Mwenendo wa Madai: hati ya madai, taarifa za mashahidi, nakala ya barua ya kudai, majibu ya mdaiwa, na mara nyingi uchunguzi wa pili wa daktari aliyechaguliwa na upande wa pili. Bila wakili utahangaika. Kesi inaweza kuahirishwa mara nyingi, na mwenye kuingia huko ajipange kwa miaka, si miezi.

Kwa maelezo hayo peke yake mtu atasema madai madogo ndiyo jibu, na kwa majeraha mengi nakubaliana naye. Lakini yapo matatu ya kupima kwanza.

La kwanza ni rufaa. Uamuzi wa Mahakama ya Madai Madogo hukatiwa rufaa Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu. Mwamuzi asipoamini kwamba mbwa alikuwa wa mdaiwa, huo ni ukweli wa tukio, na kwa kawaida safari imeishia hapo. Kutoka kwa hakimu, rufaa ya kwanza hupitia upya sheria na ukweli. Kwa hiyo kama mzozo wenu mzima ni "huyo si mbwa wangu" na una shahidi mmoja anayesitasita, wepesi wa mahakama ndogo unaweza kukugeukia.

La pili ni kiasi. Hairuhusiwi kuyagawa madai ya tukio moja yakawa kesi mbili ili yaingie chini ya milioni moja. Ukidai huko kwa jeraha linalostahili zaidi, kilichozidi umekiacha. Mahakimu na waamuzi hupanga fidia ya maumivu kwa kuangalia hukumu za nyuma zenye majeraha yanayofanana, na jeraha la nyama ya mguu lililopona na kuacha alama si jambo la mamilioni, hata kama lilitisha siku ile. Uso ulioharibika, mshipa uliokatika mkononi, au kidole kilichopotea ni habari nyingine.

La tatu ni mvutano wa mamlaka. Zipo hukumu za Mahakama Kuu zilizobishana kuhusu mahakama hii na madai ya majeraha, hasa yatokanayo na ajali za barabarani, nyingine zikiibana na nyingine zikiiachia. Kabla ya kulipa ada, mwulize karani wa mahakama ya eneo lako au wakili kama madai ya majeraha yanapokelewa pale bila pingamizi. Swali la dakika tano linaweza kukuokolea miezi.

Katika mahakama zote mbili, fidia huja kwa mafungu mawili, na watu wengi hupoteza fungu la pili kwa uvivu. Fungu la kwanza ni fidia ya jumla, yaani maumivu, mateso na upungufu wa maisha, ambayo mahakama huikadiria. La pili ni hasara mahsusi: dawa, chanjo, nauli za kliniki, mshahara uliokatwa, nguo zilizochanika. Hili lazima liandikwe katika madai kwa tarakimu kamili na lithibitishwe kwa uthabiti. Ukidai shilingi 38,500 ukaleta risiti za shilingi 12,000, utapata 12,000. Bodaboda hatoi risiti, lakini malipo ya simu huacha alama. Lipa kwa simu. Gharama za matibabu ya baadaye nazo zidaiwe mapema, zikiungwa mkono na ripoti ya daktari, kwani huwezi kurudi mwaka ujao kuziomba.

Mapatano ya asilimia na wakili yameenea, lakini hayana nguvu ya sheria. Andikianeni ada mapema. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016.

Muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka 3 tangu siku ya tukio, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda wa Madai, Sura ya 22. Kwa mtoto yapo masharti ya kusogeza muda, lakini yana vikwazo vyake, hivyo mzazi asiyategemee. Afungue kesi kwa niaba ya mwanawe ndani ya miaka 3 ile ile.

Njia ya polisi

Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mtu ambaye, kwa namna ya uzembe inayoweza kudhuru wengine, anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Adhabu ya makosa ya ngazi hiyo inaweza kufika kifungo cha miaka 2. Anayemchochea mbwa makusudi amrukie mtu ana kosa zito zaidi, la shambulio lenye kuleta madhara ya mwili, ambalo chini ya kifungu cha 251 linaweza kumpeleka gerezani miaka 5.

Mlinganisho na njia za madai ni huu. Polisi haimgharimu majeruhi ada ya mahakama wala wakili, na mshtakiwa hawezi kupuuza wito kama anavyopuuza barua. Hata hivyo kesi ni ya Jamhuri, si yako. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye anayeamua iendelee au iondolewe. Kiwango cha kuthibitisha ni cha juu zaidi, kwa kuwa lazima shaka yoyote ya maana iondolewe, wakati katika madai inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuliko ya mwenzako. Faini huenda serikalini. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia kwa majeruhi, na vifungu vya kuiwezesha vipo, kikiwemo cha 175 cha Kanuni ya Mwenendo wa Jinai, lakini hiyo ni hiari ya hakimu na si jambo la kupangia bajeti.

Faida moja ya njia hii haitajwi vya kutosha. Mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu hiyo kuwa ushahidi usiopingika wa hatia yake. Ukija baadaye na madai, nusu ya kazi imeshafanywa. Lakini saa ya miaka 3 haisimami kungoja jinai iishe, basi ziendeshe sambamba.

Binafsi naona kila tukio liandikishwe polisi, ila mashtaka yafuatiliwe kwa nguvu pale tu mbwa alipochochewa, alipoachiwa huru baada ya maonyo, au alipomjeruhi mtoto vibaya. Kumtumia polisi kama mkusanya madeni huleta majuto: jirani atalipa kidogo ili faili lifungwe, na nawe utakuwa umemaliza nguvu ya kesi kwa bei ya dozi mbili.

Aliyeng'atwa akiwa kazini

Mlinzi aliyerukiwa na mbwa wa mwajiri, mtumishi wa nyumbani aliyeambiwa amlishe, au fundi aliyeajiriwa na kampuni akatumwa nyumba ya mteja hahitaji kuthibitisha ujuzi wala uzembe dhidi ya mwajiri wake. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamfanya mwajiri alipe mradi jeraha limetokea kazini. Madai hayo hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwanza, si mahakamani, na msimamo huo ulithibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019. Ajali iripotiwe kwa mwajiri mara moja, kwa kuwa haki hiyo hupotea zikipita miezi 12 bila taarifa. Kwa mfanyakazi wa nyumbani hii karibu kila mara ni bora kuliko kumshtaki mwajiri kwa uzembe, jambo ambalo sheria hiyo kwa kweli imelizuia. Ikiwa mbwa ni wa mtu mwingine, mteja kwa mfano, mlango wa kumdai huyo wa tatu unabaki wazi. Bodaboda wanaosambaza vyakula wako pabaya zaidi hapa, kwani wengi wao hawahesabiwi kuwa waajiriwa.

Nani aende wapi

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyeng'atwa muundi, akashonwa nyuzi 4, akamaliza chanjo, na mwenye mbwa anakubali kosa ila anavutana kuhusu pesa. Huyu aandike barua ya kudai, atoe siku 14, kisha aende madai madogo na risiti zake. Kumpeleka kwa hakimu wa kawaida ni kumpa wakili faida kuliko majeruhi.

Chukua wa pili, mama aliyechanwa uso na mbwa wa mpangaji mwenzake, daktari akashauri upasuaji wa kurekebisha kovu. Asitie saini chochote kabla ya ripoti ya pili ya daktari, na aelekee mahakama ya hakimu pamoja na wakili, hata kama itachukua muda. Aangalie pia kama mwenye nyumba au msimamizi wa ploti alijua habari za mbwa huyo na ndiye anayeshika funguo za lango, maana mpangaji anaweza kuhama usiku akaacha hukumu isiyo na wa kuilipa. Kabla ya kuchagua mdaiwa, jiulize kama ana mshahara, gari au kiwanja cha kukamatwa. Hukumu ya shilingi 900,000 dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi nzuri ya kutundika ukutani.

Wa tatu ni yule ambaye mwenye mbwa anakana kabisa. Kwake polisi na afisa wa mifugo ndio wa kwanza, kwa sababu kumbukumbu za chanjo ya mbwa, mahali alipofungiwa kwa siku 10 na aliyejitokeza kumchukua ndizo zitakazotaja mwenyewe pale kinywa kinapokataa.

Mbwa wa polisi au wa taasisi nyingine ya serikali ana saa fupi zaidi: chini ya Sura ya 39, sheria ya ukomo wa madai dhidi ya mamlaka za umma, madai ya aina hii dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Mbwa koko asiye na mwenyewe huwaacha wengi bila wa kumdai, ingawa kaunti inaweza kuulizwa ikiwa ilionywa kwa maandishi kuhusu kundi fulani la mbwa ikanyamaza. Kesi hiyo ni ngumu na si ya kuanza bila wakili. Linalostaajabisha ni kwamba fisi au mbwa mwitu angekujeruhi, ungekuwa na njia ya kudai fidia ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2013, hadi shilingi milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu. Mbwa wa kufugwa hayumo katika orodha hiyo.

Kwa aliye upande wa Tanzania, misingi ya ujuzi na uzembe inafanana, muda ni miaka 3 vile vile, fomu ya polisi ni PF3, na kosa la kutochukua tahadhari dhidi ya mnyama limo katika kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya huko. Tofauti ni kwamba madai ya uzembe kwa kawaida hayaanzii Mahakama ya Mwanzo bali Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, hivyo maelewano yaliyoandikwa vizuri yana uzito mkubwa zaidi kwake kuliko kwa Mkenya aliye umbali wa kituo kimoja cha matatu kutoka mahakama ya madai madogo.